MAZIWA YA MAMA WA MTOTO NJITI: WIKI MBILI ZA MWANZO

(Mada iliyotolewa na mwanachama wetu, muuguzi mkunga mstaafu, katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi, Dodoma)

Tumefika siku ya leo kikundi kikiwa kizima, sanduku likiwa zima, na funguo zake tatu zote zikiwa mikononi mwa wenyewe. (Kicheko.)

Katibu aliponifuata nitoe mada aliniambia niongee habari za afya ya mama na mtoto. Nikamjibu, mwanangu, hiyo ni bahari, mimi nitachota kikombe kimoja tu. Kikombe chenyewe ni hiki: mama aliyejifungua kabla ya siku zake afanye nini ili apate maziwa ya kutosha kumlea yule mtoto. Nimechagua jambo hili kwa sababu katika miaka hii kumi wenzetu wanne wa humu humu wamejifungua watoto njiti. Na pia kwa sababu mwisho wa maneno yangu nina ombi linalohusu katiba yetu. Silitaji sasa, msije mkaanza kubishana nami kabla sijamaliza.

Mtoto njiti ni yule anayezaliwa kabla mimba haijatimiza wiki 37. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 pekee walizaliwa njiti milioni 13.4 duniani, yaani karibu mtoto mmoja katika kila kumi. Kwa hiyo mama akijifungua njiti tusianze kuulizana nani kamtazama vibaya. Shinikizo la damu huleta, malaria huleta, maambukizi huleta, mimba ya mapacha huleta, na mara nyingi daktari mwenyewe anatafuta sababu asiione. Tuyaache hayo, twende kwenye maziwa.

Mtoto aliyetimiza siku akiwekwa kifuani anatafuta chuchu mwenyewe, ananyonya, na kule kunyonya ndiko kunakoliambia titi: tengeneza. Njiti hawezi. Kunyonya, kumeza na kupumua ni kazi tatu zinazotaka kupangwa, na mtoto kwa kawaida huanza kuzipanga vizuri kwenye wiki ya 32 hadi ya 34 ya umri wa mimba. Aliyezaliwa wiki ya 30 analishwa kwa mrija mwembamba unaopita puani au mdomoni mpaka tumboni. Basi tazameni hali ya mama huyu. Titi liko tayari, lakini hakuna wa kuliamsha. Likikaa siku tatu nne bila kuamshwa, linaelewa kwamba mtoto hayupo, na linaanza kufunga. Mama anasema, "Mimi sina maziwa." Siyo kwamba hana. Ni kwamba hakuna aliyeyaita.

Humu ndani wengi tumekulia kwenye mazizi, kwa hiyo sina haja ya kuwaeleza habari za homoni kwa maneno magumu. Ng'ombe wetu wa kienyeji, wale wenye nundu, mkamuaji akimwendea peke yake na kibuyu chake, anakaza. Hatoi kitu. Mpaka ndama afunguliwe, apige kiwele kwa kichwa mara mbili tatu, anyonye kidogo, ndipo maziwa yanashuka na mkamuaji anapata fungu lake. Mama ni hivyo hivyo. Kuna homoni mbili. Moja inaitwa prolaktini, kazi yake ni kutengeneza maziwa, na huongezeka zaidi usiku. Ya pili inaitwa oksitosini, kazi yake ni kuyashusha. Hii ya pili ina woga: mama akiwa na hofu, maumivu au akitukanwa, inajificha. Mama akimwona mtoto wake, akimgusa, akinusa hata kitambaa chake, inatoka. Ndiyo maana huwa nawaambia mawifi na mama wakwe: ukienda wodini ukamwambia mzazi "hicho kitoto kitapona kweli?", umemfunga maziwa kwa mdomo wako.

Sasa lini aanze? Aanze mapema kadiri anavyoweza, ndani ya saa moja baada ya kujifungua ikiwezekana, na hali yake ikiwa mbaya basi isipite saa sita kama wauguzi wanaona anaweza. Hata aliyepasuliwa anaweza kukamuliwa akiwa amelala, dada yake akimshikia kikombe. Kitakachotoka siku ya kwanza ni matone. Ni yale maziwa mazito ya njano, dang'a, ambayo wapo bado wanaoyaita machafu na kuyamwaga chini. Jamani, mfugaji anajua ndama asiyepata dang'a hadumu. Kwa njiti ni zaidi, maana yeye kaja duniani kabla hajapokea kinga zote kutoka kwa mama yake, na utumbo wake ni laini mno. Matone yale yakipakwa ndani ya mashavu yake, hata kama bado yuko kwenye mrija, ni chanjo yake ya kwanza.

Tena msiogope uchache. Kijiko cha chai ni mililita 5. Mtoto wa kilo moja na robo, siku ya kwanza anapoanzishiwa maziwa, mlo wake mmoja huwa ni kama kijiko kimoja mpaka viwili hivi, na wengine huanzishwa chini ya hapo. Kwa hiyo mama aliyepata kijiko kimoja hajapata "kidogo tu". Amepata mlo. Na maziwa ya mama wa njiti siku hizo za mwanzo yana protini nyingi kuliko ya mama aliyetimiza siku, kana kwamba mwili unajua umezaa nani.

Namna ya kukamua nitawaonyesha kwa mikono tukimaliza, lakini niieleze ibaki kwenye kitabu. Mama ananawa mikono kwa sabuni. Anachukua kikombe chenye mdomo mpana kilichooshwa kwa sabuni na kusuuzwa kwa maji yaliyochemka. Anakaa vizuri, mgongo umeegemea. Analisugua titi taratibu kwa vidole, kutoka juu kuja kwenye chuchu, pande zote, dakika moja au mbili. Halafu dole gumba analiweka juu na vidole viwili chini, umbo la herufi C, si kwenye chuchu yenyewe bali nyuma kidogo, kama pale eneo jeusi linapoishia. Anasukuma kwanza kuelekea kifuani, kisha anabana, kisha anaachia. Sukuma, bana, achia. Vidole visiteleze juu ya ngozi, maana kuteleza ndiko kunakochubua, na kuvuta chuchu hakuleti kitu isipokuwa maumivu. Mara chache za mwanzo hakitoki chochote; aendelee tu. Mtiririko ukipungua ahamishe vidole upande mwingine wa titi lile lile, kisha ahamie titi la pili, kisha arudi la kwanza. Yote huchukua dakika 20 mpaka 30. Vile vipampu vya mpira vinavyobonyezwa kama honi ya baiskeli sivipendi, havisafishiki vikatakata na vinaumiza. Mkono wa mama haununuliwi na hauhitaji umeme.

Mara ngapi? Hapa ndipo mnisikilize kuliko pote. Si chini ya mara nane kwa siku, usiku na mchana. Saa yetu ya Kiswahili imerahisisha kabisa: saa 12, saa 3, saa 6, saa 9, kisha unarudia tena saa 12, saa 3, saa 6, saa 9. Mchana nne, usiku nne. Kama saa moja imekupita, fidia saa inayofuata. Lakini ile ya saa 9 ya usiku, ambayo kila mtu anataka kuiruka, ndiyo usiiache, kwa sababu usiku ndipo ile homoni ya kutengeneza maziwa inapopanda.

Sisi ni watu wa akiba, tunapenda kuweka. Titi ni sanduku la ajabu, mambo yake ni kinyume. Ukitoa, linaongeza. Ukiacha ndani, linapunguza. (Kicheko.) Mwenzetu mmoja, ameniruhusu niseme ila jina lake nisilitaje, alijifungua binti wa kilo moja na gramu 300. Alikwenda wodini na kile kitabu chake cha hisa, akafungua ukurasa wa nyuma, na kila akikamua anapiga mstari. Mistari nane, siku imefungwa. Siku ya kwanza alipata chini ya vijiko viwili kwa kutwa nzima. Siku ya pili vijiko vitano. Siku ya tatu alilia. Siku ya nne asubuhi aliamka khanga imelowa. Kitabu hicho ninacho hapa, na mtoto huyo ndiye yule aliyewagawia soda muda mfupi uliopita. (Makofi.)

Siku ya tatu anapolia mama ndiyo siku ya hatari, nataka niisemee. Kwa mama wa njiti maziwa mengi yanaweza kuchelewa, yakaingia siku ya tatu, ya nne hata ya tano, hasa akiwa amepasuliwa au alikuwa na shinikizo la damu. Ndugu wanakuja kumtazama, wanaona kikombe kina matone, wanaingiwa na huruma. Kesho yake shangazi anafika na kopo la maziwa ya unga kutoka dukani. Kalipa fedha nyingi, tena kakopa. Nia njema kabisa. Lakini kopo lile likifunguliwa, mama anapumzika kukamua mara moja, kesho mara mbili, na titi linapunguza kama nilivyosema. Na kwa mtoto mwenyewe kuna ugonjwa wa utumbo unaowapata njiti, sehemu ya utumbo inavimba na hata kufa, na watoto wanaolishwa maziwa ya kopo huupata zaidi kuliko wanaolishwa maziwa ya mama. Ongezeni maji yenyewe ya kukorogea, mnajua maji yetu wakati wa kiangazi yanatoka wapi. Kopo ni dawa ya daktari: akisema yeye, kwa sababu anazozijua, sawa. Asilete mgeni kwenye kapu.

Na wala msichukue maziwa ya jirani anayenyonyesha mkampa mtoto kimya kimya, kwa sababu virusi vya UKIMWI hupita humo. Wenzetu wa Kenya mwaka 2019 walifungua benki ya maziwa ya akina mama katika Hospitali ya Pumwani, Nairobi, ambako anayetoa hupimwa na maziwa huchemshwa kwa kipimo. Hiyo ni njia nyingine, yenye utaratibu wake. Mama mwenyewe akiwa anaishi na virusi na anameza dawa zake sawasawa, mwanawe apewe dawa ya kinga, wala asinyimwe maziwa yake.

Kiasi gani kinatosha? Ikifika siku ya kumi mpaka ya kumi na nne tunapenda mama awe anapata nusu lita au zaidi kwa saa 24, ile chupa ndogo ya maji ya dukani ikijaa. Mtaniuliza: mtoto wa kilo moja na robo atakunywa wapi nusu lita? Hanywi. Wakati huo yeye anatumia kama robo lita tu. Lakini atakua, atafika kilo mbili, tatu, tano, na titi lililozoea kutengeneza robo lita katika wiki mbili za mwanzo ni kazi ngumu sana kulipandisha baadaye. Inawezekana, nimeona, ila ni kama kulima mvua zikiwa zimekwisha. Sisi wa Dodoma mvua zetu tunazijua. Ukipishana nazo, umepishana nazo.

Maziwa yaliyokamuliwa yakae mahali pa baridi, kivulini, yamefunikwa, yatumike ndani ya saa nne. Kwenye joto la mwezi wa kumi na moja hapa kwetu msingoje hizo saa nne. Kwenye jokofu la wodi wauguzi watawaambia muda wao.

Sasa kangaruu. Mwaka 1978 huko Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na njiti wengi kuliko mashine za joto. Akawaweka watoto vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, wamefungwa kwa kitambaa. Watu walidhani ni njia ya maskini. Mwaka 2021 ukachapishwa utafiti uliofanyika katika hospitali tano, za Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania pale Muhimbili, kwa watoto wa kati ya kilo moja na kilo 1.8. Waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali itulie, walifariki 12 katika kila 100 ndani ya siku 28. Wale waliosubiri walifariki karibu 16. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likabadilisha maelekezo yake kufuatana na hayo. Usiku wa mwezi wa sita na wa saba mnajua ubaridi wa hapa Dodoma ulivyo. Kifua cha mama hakizimiki umeme ukikatika. Na habari ya leo ni maziwa: mama anayembeba hivyo hupata maziwa mengi, kwa sababu ndama yuko kiweleni. Akamue mara baada ya kumbeba, ataona tofauti. Baba naye ana kifua. Mama akienda kuoga au kula, baba ambebe. Hatoi maziwa, lakini anatoa joto.

Mtoto akianza kumeza vizuri, ataletewa kikombe kidogo, maziwa yagusishwe mdomoni ayalambe mwenyewe, yasimiminwe. Chupa ya chuchu ya mpira tuiache. Huku analambishwa kikombe, anawekwa titini lililokamuliwa kidogo, anajifunza. Siku ya kwanza atalamba tu na kulala. Ni sawa.

Chakula cha mama sina mengi. Uji wa uwele au wa mtama, karanga, mlenda na ugali, maharage, dagaa, papai likipatikana. Anywe kila akisikia kiu, na kikombe cha maji kila anapokaa kukamua. Kumlazimisha anywe ndoo nzima hakuongezi tone. Uji wa pilipili manga, kama anaupenda anywe, unampa joto na unamkalisha na watu. Kinachoongeza maziwa ni kuyatoa.

Nimefika kwenye ombi langu.

Mama aliyeajiriwa ana sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa likizo ya uzazi ya siku 84, siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Kwa mama wa njiti zamani siku hizo zilikuwa zinakwisha mtoto bado yuko wodini. Dada Doris Mollel, ambaye naye alizaliwa njiti, na taasisi yake aliyoianzisha mwaka 2015, walilisemea sana jambo hili. Mei Mosi ya mwaka 2024 kule Arusha Serikali ikatangaza kuwaongezea muda mama hao, na mwaka 2025 sheria za kazi zikarekebishwa. Tunashukuru.

Lakini sisi humu, nani ana mwajiri? Mwajiri wangu mimi sasa ni kuku. Mwajiri wa mwenzangu hapa mbele ni genge la nyanya pale Majengo. Mwenye genge akilala wodini wiki tano, nyanya zinaoza, marejesho yanasimama, na katiba yetu, kifungu cha faini, inamdai kila wiki anayokosa kikao. Nani basi anampa likizo? Ni sisi. Hakuna mwingine.

Naomba kikao kijacho kijadili hivi. Mwanachama akijifungua njiti, fedha za mfuko wa jamii zitoke siku hiyo hiyo kwa sahihi za viongozi watatu, zisisubiri kikao cha Jumamosi. Wiki moja ni nusu ya zile wiki mbili nilizozisema. Fedha zikifika siku ya nane mama ameshakwenda nyumbani kwa kukosa nauli na chakula, na maziwa yamebaki njiani. Wapo wanaotoka Kondoa, zaidi ya kilometa 150, mtoto yuko hapa mjini. Pili, faini ya kutohudhuria na ya kuchelewesha marejesho isimhusu mpaka mtoto atolewe wodini. Na tatu, halina gharama: tupange zamu. Mmoja akae gengeni, mmoja apeleke chakula, mmoja afue. Mweka Hazina ataniambia mfuko utaliwa. Nimepiga hesabu naye jana, wanne katika miaka kumi, mfuko hautaliwi. (Makofi.)

Na zile fedha zisinunue kopo.

Sasa naomba viti visogezwe tukae duara. Nimekuja na titi nililolishona kwa soksi na pamba, linatosha kupokezana. Akina baba msitoke, nyinyi ndio mtakaoshika kikombe saa 9 ya usiku.